Viza Huja Mwisho: Muuguzi wa Kisangani na Njia za Kwenda Kufanya Kazi Ng'ambo

Mtu akifika Kisangani leo akajitambulisha kuwa ametumwa na hospitali ya Uingereza au ya Ujerumani kutafuta wauguzi, na kwamba nafasi inashikwa kwa dola mia kadhaa, jibu lake ni fupi: kazi hiyo, nchi hizo zenyewe zimekataza ifanyike hapa.

Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba nchi maskini zinasomesha na nchi tajiri zinavuna. Kanuni hizo zimezaa orodha ya nchi ambazo uhaba wa watumishi umefikia hali ya hatari. Toleo la 2023 lina nchi 55, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Uingereza imeigeuza kuwa orodha nyekundu: hospitali wala wakala haruhusiwi kwenda kuwinda watumishi katika nchi hizo. Ujerumani nayo imeliingiza katazo hilo katika kanuni zake za ajira. Kwa nchi za orodha, wakala binafsi hana ruhusa ya kutafuta muuguzi wala kumuunganisha na mwajiri.

Lakini orodha hiyo haimfungi muuguzi mwenyewe. Anayejitafutia kazi kwa jina lake, akamwandikia mwajiri barua yake na akajibiwa, hajavunja kanuni yoyote. Kwa hiyo muuguzi wa Kisangani, awe wa Makiso, Kabondo au Mangobo, yuko katika hali ya pekee: anaruhusiwa kwenda, ila hakuna anayeruhusiwa kuja kumchukua. Safari ataipanga mwenyewe, na mpangilio ndio unaowaangusha wengi. Wanaanza kuulizia viza, na anayewajibu ni yule mwenye viza za kuuza. Viza huja mwisho. Kabla yake kuna diploma, usajili, uthibitisho wa kazi na lugha, na ni hivyo vinne vinavyoamua mlango gani utafunguka.

Mji unaosomesha

Kisangani haikuanza jana kutoa wauguzi. Huko Yakusu, ukiteremka mto kuelekea Isangi, daktari Clement Chesterman wa misheni ya Wabaptisti wa Uingereza alianza katika miaka ya 1920 kuwafundisha vijana wa kandokando ya mto. Vijana hao ndio waliosimamia zahanati za vijijini na kupambana na malale kijiji kwa kijiji. Leo kazi ya kusomesha inafanywa na Institut Supérieur des Techniques Médicales, ISTM, inayotoa wauguzi wa A1, pamoja na shule za ITM zinazotoa wauguzi wa A2. Wanafunzi wao hufanya staji katika kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani, katika hospitali kuu ya Makiso na katika vituo vya jimboni.

Jimbo lina kazi ya kutosha kwa wote hao. Septemba 2021 homa ya uti wa mgongo ilipotangazwa huko Banalia, kilomita zaidi ya 120 kaskazini ya mji kwenye barabara ya Buta, watu 129 walikuwa wamekwisha kufa kati ya 261 walioshukiwa kuugua. Kabla ya timu za Kinshasa na za WHO kufika, waliokuwa na wagonjwa ni wauguzi wa vituo vya afya vya pale pale.

Basi kwa nini waondoke? Wauguzi wengi wa serikali nchini Kongo wana kazi lakini hawana mshahara. Yupo aliyepata namba ya utumishi, ile matricule, lakini jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo. Yupo anayepokea prime de risque, posho ya hatari, peke yake. Na yupo anayeishi kwa mgawo wa pesa wanazolipa wagonjwa dirishani, ambao mwezi mwingine haupo. Ripoti ya WHO ya 2025 kuhusu uuguzi inasema dunia ina wauguzi milioni 29.8 na bado inapungukiwa milioni 5.8, na kwamba mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Muuguzi wa Kisangani hahitaji kuisoma ripoti hiyo. Anaye mwenzake wa darasa Brussels au Montréal anayemtumia picha.

A1, A2 na mizani ya wageni

Swali la kwanza kujiuliza ni diploma ipi uliyonayo. Mtathmini wa nje haangalii miaka uliyokesha wodini. Anaangalia ngazi ya shule na saa za masomo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka muuguzi wa kawaida awe amesoma si chini ya miaka mitatu na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za kumhudumia mgonjwa. A1 ya ISTM, iliyokuwa graduat ya miaka mitatu baada ya diploma ya taifa, inaweza kuwekwa kwenye mizani hiyo ikapimwa. A2 ya ITM ni elimu ya sekondari, na watathmini wengi hawaihesabu kuwa diploma ya muuguzi kamili hata kama mwenye nayo ndiye anayeendesha kituo kizima cha afya.

Hii ni habari chungu kwa wenye A2, lakini ni afadhali waisikie hapa kuliko kuisikia wamekwisha lipa ada ya tathmini. Kwao kuna njia mbili za kweli: kujiendeleza hadi A1 kwanza, au kwenda nje kama mwanafunzi wa uuguzi badala ya muuguzi.

Swali la pili ni usajili. Ordre des infirmiers, baraza la wauguzi wa Kongo, iliundwa kwa sheria ya 2016, na karibu kila baraza la uuguzi duniani litataka barua kutoka kwake kwamba mwombaji amesajiliwa na hana kosa la kitaaluma. Asiye kwenye daftari la Ordre, kwa macho ya Dublin au Ottawa, si muuguzi hata kama ana miaka ishirini kazini.

Relevé, mihuri na majina matatu

Chukua karatasi moja tu, relevé de notes, yaani orodha ya masomo na alama, uitazame kwa jicho la mtu aliyeketi Toronto. Anataka aone kila somo, saa za darasani kando, saa za staji kando: watoto, uzazi, upasuaji, afya ya akili. Relevé za zamani mara nyingi zina jina la somo na alama, basi. Mtathmini akikosa saa za afya ya akili hawezi kuzibuni; ataandika kwamba mafunzo hayo hayakuwepo, na mwombaji ataambiwa arudi shule. Zaidi ya hayo, taasisi nyingi hazipokei karatasi hizo mkononi mwa mwombaji. Zinataka shule yenyewe izitume, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa barua pepe rasmi ya sekretarieti. Faili la muuguzi wa Kisangani linaweza kulala miezi kadhaa mezani kwa mgeni kwa sababu tu barua iliyotumwa shuleni haikujibiwa.

Halafu kuna majina. Mkongo ana jina, postnom na prénom. Fomu za nje zina visanduku viwili tu. Diploma imeandika majina kwa mpangilio mmoja, pasipoti kwa mwingine, cheti cha Ordre kimeacha postnom, na jugement supplétif iliyotolewa badala ya cheti cha kuzaliwa imekosea herufi. Kwa mtu wa Kisangani huyo ni mtu mmoja anayejulikana mtaa mzima. Kwa kompyuta ya ubalozi ni watu wanne. Anayejiandaa vizuri huyalinganisha majina yote kabla ya kulipa ada yoyote, na kama kuna kosa anakwenda mahakamani kulirekebisha mapema.

Kazi nayo inahitaji ushahidi. Mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji, Express Entry, huhesabu kazi iliyolipwa tu, na hapo muuguzi asiye na mshahara anaadhibiwa mara ya pili: hakulipwa nyumbani, na kutolipwa kwake kunamnyima alama ugenini. Dawa yake ni kuweka kila karatasi ya prime na ya mgawo wa hospitali, na kuomba attestation de service kwa mganga mkuu wa hospitali na kwa médecin chef de zone wakati bado wapo. Wakihamishwa, kumbukumbu huhama nao.

Mihuri mingine iko Kinshasa: Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Viza za Schengen nazo huombwa huko huko. Kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700 kutoka bandari ya Kisangani. Kwa ndege ni nauli ya kwenda na kurudi, pengine zaidi ya mara moja. Bajeti isiyo na safari za Kinshasa si bajeti.

Milango inayojua Kifaransa

Utajiri ambao muuguzi wa Kisangani huusahau ni Kifaransa chake. Matangazo mengi ya intaneti yanatoka Nairobi na Lagos, yanazungumzia London, naye anaanza kujifunza Kiingereza akiwa na ufunguo mwingine mfukoni.

Ubelgiji ni mlango wa karibu kwa historia na kwa lugha. Uuguzi umo kwenye orodha za kazi zenye upungufu, na tangu 2019 mgeni huombewa permis unique, kibali kimoja cha kukaa na kufanya kazi, ambacho mwajiri ndiye anayekianzisha. Kikwazo ni ulinganisho wa diploma. Tangu 2016 muuguzi katika shule za Kifaransa za Ubelgiji husoma miaka minne, kwa hiyo A1 ya miaka mitatu mara nyingi huhitaji nyongeza ya masomo. Anayeomba kazi kabla ya kupata jibu la ulinganisho anagonga mlango asio na ufunguo wake.

Ufaransa huwadanganya wengi kwa sababu ya lugha. Diploma ya uuguzi kutoka nje ya Ulaya haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi huko. Lazima apite mchujo wa kuingia shule za uuguzi, zile IFSI, ambako anaweza kusamehewa sehemu ya masomo lakini si yote. Viza inayomfaa kwa hiyo ni ya mwanafunzi, na lazima aonyeshe pesa za kujikimu.

Kanada ina nyumba mbili. Quebec inachagua wahamiaji wake yenyewe, na uuguzi unasimamiwa na Ordre des infirmières et infirmiers du Québec. Mwaka 2022 serikali yake ilianzisha mradi wa kuwaleta wauguzi 1,000 kutoka nchi zinazozungumza Kifaransa, wasome masomo ya kujaziliza huku wakifanya kazi za usaidizi hospitalini. Miradi ya namna hiyo hufunguka na kufungwa kwa bajeti ya mwaka, hivyo tangazo la mwaka juzi si ahadi ya leo. Tangu 2024 mtihani wa mwisho ni NCLEX-RN, unaoweza kufanywa kwa Kifaransa.

Nje ya Quebec, Kanada inawatafuta wanaojua Kifaransa ili jamii zake za Kifaransa zisipungue. Tarehe 21 Machi 2025, kupitia Express Entry, iliwaalika watu 7,500 wa kundi hilo kwa alama 379, ilhali waliokwisha fanya kazi Kanada walihitaji zaidi ya 500 katika michujo yao ya mwaka huo. Hii ndiyo njia ambayo muuguzi wa Kisangani wa A1, au wa A0 iliyo juu yake, angepaswa kuichunguza kwanza. Atafanya TEF au TCF Canada, kwa maana Kifaransa cha kuzaliwa nacho hakihesabiwi bila mtihani. Atalipia tathmini ya diploma. Na ataonyesha akiba, ambayo kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada. Asisahau pia kwamba ukazi wa kudumu si leseni. Akishuka uwanja wa ndege ni mkazi. Muuguzi atakuwa pale baraza la mkoa anaokwenda litakapomkubali, na wapo waliongoja miaka wakifanya kazi nyingine.

Kiingereza na Kijerumani

Uingereza ina viza ya watumishi wa afya tangu Agosti 2020, na wauguzi bado wamo. Kinachohitajika ni mwajiri mwenye leseni ya kudhamini na usajili wa NMC, baraza la uuguzi la huko. Baraza hilo linataka alama 7 kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na 6.5 kwenye kuandika, au mtihani wa OET. Kisha mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo unaofanyiwa Uingereza kwenyewe. Ada za NMC peke yake zinapita pauni 1,000. Ugumu wa lugha usidharauliwe: mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliofanya mtihani wa Kiingereza kwa ajili ya Uingereza ni 10 tu waliofaulu, na hao walisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Kazi ya kulea wazee ni habari nyingine. Uingereza iliacha kuwachukua walezi wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia viza hiyo leo anakuuzia mlango uliokwisha fungwa. Na wakala wa Uingereza anayekutoza ada ya kukutafutia kazi anavunja sheria ya kwao ya 1973.

Ujerumani haina Kifaransa wala Kiingereza, lakini ina ngazi zinazopandika. Mwenye A1 hupeleka diploma yake itambuliwe, hupewa barua ya kuonyesha mapungufu, kisha huomba viza ya kwenda kuyajaza kwa kozi au mtihani. Leseni haitoki bila Kijerumani cha ngazi ya B2. Mwenye A2 au kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuomba Ausbildung, mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu yanayolipa; hospitali za umma hutoa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato tangu mwaka wa kwanza. Balozi kwa kawaida hudai B1 kabla ya viza. Kufika B1 ni kazi ya mwaka au karibu yake, na hakuna wakala anayeweza kuifanya kwa niaba yako.

Marekani inadai NCLEX-RN, cheti cha VisaScreen na mwajiri wa kudhamini, halafu foleni. Amri ya Juni 2025 iliyofunga mipaka kwa mataifa kadhaa iliitaja Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, na majina hayo mawili huchanganywa hadi leo. Tangu hapo Washington imeendelea kukaza masharti, kwa hiyo hakuna kutuma pesa kabla ya kusoma tangazo la ubalozi la wiki hiyo.

Na jirani je?

Kongo ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Kenya iliwaondolea Wakongo viza mwaka uliofuata, na Uganda Januari 2024. Wengi walidhani muuguzi sasa anaweza kuvuka mpaka wa Kasindi asubuhi akaanza kazi jioni. Kuingia bila viza si kibali cha kazi. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuliana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Muuguzi bado anapiga hodi kwenye baraza la kila nchi peke yake, kwa Kiingereza, ugenini ambako wauguzi wenyeji nao wanatafuta kazi. Hata hivyo kuna faida ambayo haitangazwi: vituo vya mitihani ya Kiingereza vya Kampala na Nairobi vinafikika bila viza.

Nani abaki Banalia?

Swali hili haliwezi kukwepwa, na si haki kumtupia muuguzi peke yake. Serikali iliyomsomesha nusu na kumlipa robo haina ujasiri wa kumwita msaliti. Kumzuia kwa kumnyima karatasi, kama inavyosikika mara kwa mara katika ofisi za nchi nyingi za Afrika, hakumbakizi kazini. Kunamsukuma kwa wakala wa vichochoroni, akauze kiwanja cha familia na kuishia kufagia ghala. Anayeondoka kwa njia iliyonyooka hutuma pesa, hurudi na ujuzi, na jina lake halipotei kwenye daftari. Anayeondoka kwa njia ya panya hupotea kwa pande zote mbili.

Dawa ya uhaba ni mshahara. Muuguzi wa Banalia mwenye matricule inayolipwa kila mwezi, nyumba karibu na kituo na dawa kwenye kabati atafikiri mara mbili kabla ya kukopa kwa ajili ya TCF. Kinshasa ndiyo yenye ufunguo huo, na vyama vya wauguzi vimekuwa vikigoma kwa ajili yake mwaka baada ya mwaka.

Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji Kinshasa. ISTM na shule za ITM zinaweza kuanza kutoa relevé zenye saa za darasani na za staji, somo kwa somo, na kumteua mtu mmoja wa kujibu barua za nje. Ordre ya jimbo inaweza kutangaza ukutani orodha ya nchi, diploma inayokubalika katika kila nchi na ada rasmi, ili mwenye kuuza viza akose mteja. Kwa muuguzi, mpango ni huu: majina yalinganishwe, usajili wa Ordre ukamilike, ushahidi wa kazi ukusanywe, lugha ifanyiwe mtihani, diploma ipimwe na nchi moja iliyochaguliwa kwa sababu inaikubali. Mwajiri aje baada ya hapo. Fomu ya viza ijazwe siku ile ambayo hayo yote yako ndani ya jalada moja, na atakayedai pesa kabla ya siku hiyo ajibiwe kama yule wa mwanzo: hapa huna ruhusa.